Ahadi ni deni, lakini imeandikwa wapi?

Askari polisi anapostaafu hurudisha bastola, beji na sare ya serikali. Kinachobaki mikononi mwake ni karatasi. Ndani ya karatasi hizo mna ahadi mbili: kwamba atalipwa pensheni kila mwezi hadi siku ya kufa kwake, na kwamba akiugua kutakuwa na bima ya kumsaidia kulipia matibabu. Kwa ajili ya ahadi hizo amekesha usiku, amesimama barabarani katika mvua na theluji, na pengine amepigwa risasi. Swali la maelezo yetu ya wiki hii ni hili: je, serikali iliyotoa ahadi inaweza kuipunguza baada ya mtu kumaliza kazi?

Tutalitazama swali hilo nchini Marekani, miongoni mwa polisi wa majimbo, kwa sababu huko limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja, na majibu yaliyotolewa yanapishana vibaya mno. Jimbo moja limesema serikali inaweza. Jingine limesema haiwezi hata kidogo. Tofauti haikutokana na huruma ya majaji wala ushujaa wa polisi. Ilitokana na mahali ahadi ilipoandikwa.

Kwanza tueleze polisi hawa ni akina nani. Marekani haina jeshi moja la polisi la taifa zima kama ilivyo katika nchi nyingi. Miji ina polisi wake, wilaya zina wake, na karibu kila jimbo lina polisi wake pia, ambao hulinda barabara kuu na kupeleleza makosa makubwa. Pennsylvania iliunda kikosi chake mwaka 1905. New Jersey ilifuata mwaka 1921, na mkuu wa kwanza wa kikosi hicho alikuwa H. Norman Schwarzkopf, baba mzazi wa yule Jenerali Schwarzkopf aliyeongoza majeshi ya Marekani katika vita vya Ghuba mwaka 1991.

PENSHENI INAVYOHESABIWA

Kazi ya polisi haifanywi hadi uzeeni. Mtu wa miaka 62 hatakiwi kumkimbiza jambazi msituni. Kwa sababu hiyo majimbo mengi huwaruhusu polisi wake kustaafu mapema, wakiwa na umri wa miaka 50 au 55, mradi wamefikisha miaka inayotakiwa kazini.

Kikokotoo cha New Jersey ni mfano mzuri. Polisi wa jimbo aliyetumikia miaka 25 hustahili asilimia 65 ya mshahara wake wa mwisho kila mwaka. Akiongeza miaka kazini huongezewa asilimia 1 kwa kila mwaka, mpaka afike asilimia 70. Aliyemaliza na mshahara wa dola 100,000 kwa mwaka na miaka 25 ya utumishi atapata dola 65,000.

Lakini fedha hizo si zawadi. Kila mwezi askari hukatwa sehemu ya mshahara wake kupelekwa katika mfuko wa pensheni, na serikali nayo hutakiwa kuweka fungu lake. Mfuko huziwekeza fedha hizo katika hisa, hati fungani na majengo ili zizae. Endapo askari anakatwa lakini serikali haiweki fungu lake, mfuko hubaki na tundu, na tundu hilo hukua kila mwaka hata kama hakuna anayelitazama.

Askari anayestaafu na miaka 52 anaweza kuishi miaka 30 mingine. Katika miaka hiyo ana maadui wawili. Wa kwanza ni kupanda kwa bei. Tuseme mtu alikuwa na pensheni ya dola 4,000 kwa mwezi mwaka 2011, nayo haikuongezwa. Kati ya mwaka huo na 2024 bei za bidhaa Marekani zilipanda kwa karibu asilimia 40. Maana yake zile dola 4,000 za mwaka 2024 zilinunua kitu ambacho mwaka 2011 kingenunuliwa kwa dola 2,870 hivi. Hakuna aliyemwibia. Amenyang'anywa kwenye rafu za duka, kidogo kidogo.

Adui wa pili ni maradhi. Marekani ina bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, iitwayo Medicare, lakini kwa kawaida mtu huanza kuipata akifika miaka 65. Askari aliyestaafu na miaka 52 ana pengo la miaka 13 mbele yake, na ndiyo miaka ambayo mgongo, magoti na moyo huanza kudai malipo ya zamu za usiku. Asipokuwa na bima kutoka kwa mwajiri wake wa zamani, itambidi ainunue mwenyewe, nayo ni ghali kiasi cha kumeza sehemu kubwa ya pensheni. Ndiyo maana wastaafu hawa hawatenganishi pensheni na bima. Pensheni bila bima ni ndoo yenye tundu.

NEW JERSEY: TUNDU LINAKUA

Mkasa wa New Jersey ulianza katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 jimbo hilo, chini ya Gavana Christine Todd Whitman, lilikopa dola bilioni 2.75 kwa njia ya hati fungani na kuziingiza katika mifuko ya pensheni. Soko la hisa lilikuwa linapanda, na ilionekana kwamba faida ingelipa deni na kubakiza ziada. Serikali ikaona haina haja ya kuweka fungu lake kamili. Soko likaanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, deni likabaki, na mazoea ya kutokulipa yakabaki pia. Magavana wa vyama vyote viwili walishiriki katika mazoea hayo.

Mambo yalifika pabaya kiasi kwamba mwezi Agosti 2010 tume ya serikali kuu inayosimamia masoko ya mitaji iliishtaki New Jersey kwa udanganyifu, kwa kuwa haikuwaeleza wanunuzi wa hati zake ukweli kuhusu hali ya mifuko hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jimbo kushtakiwa namna hiyo.

Tarehe 28 Juni 2011 Gavana Chris Christie alitia saini sheria mpya. Sheria hiyo ilipandisha makato ya polisi wa jimbo kutoka asilimia 7.5 ya mshahara hadi asilimia 9. Ilisimamisha nyongeza ya kila mwaka iliyowafidia wastaafu kwa kupanda kwa bei. Iliwataka wafanyakazi wachangie zaidi bima ya afya, na ikaweka mchango hata baada ya kustaafu kwa wale ambao wakati huo walikuwa hawajafikisha miaka 20 kazini. Kwa upande wake serikali iliahidi kuongeza fungu lake hatua kwa hatua kwa miaka saba, na sheria yenyewe ikatamka kwamba malipo hayo ni haki ya kimkataba ya wafanyakazi.

Mwaka 2014 mapato ya jimbo yalipungua. Gavana akapunguza malipo ya mwaka wa fedha uliofuata kutoka dola bilioni 2.25 hadi dola milioni 681. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kutimiza sehemu yao. Walikuwa wanakatwa zaidi, na wastaafu walikuwa hawapati nyongeza. Vyama vyao vilikwenda mahakamani, na jina lililotangulia katika hati ya mashtaka lilikuwa la polisi: Christopher Burgos, aliyekuwa rais wa chama cha polisi wa jimbo.

Mahakama ya Juu ya New Jersey ilitoa hukumu tarehe 9 Juni 2015. Majaji watano kati ya saba walisema kwamba katiba ya jimbo hairuhusu bunge na gavana kuwafunga wananchi kwa deni kubwa la miaka mingi bila kupigiwa kura, na kwamba kugawa fedha za bajeti ni kazi ya bunge kila mwaka. Kwa hiyo maneno "haki ya kimkataba" yaliyoandikwa katika sheria hayakuwa na nguvu ya kuilazimisha hazina itoe fedha. Majaji wawili, akiwamo Jaji Mkuu, walipinga.

Mwaka mmodi baadaye, tarehe 9 Juni 2016, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya nyongeza ya wastaafu. Wastaafu walishika sheria ya mwaka 1997 iliyosema kwamba mtumishi ana haki isiyoweza kunyang'anywa ya kupata mafao yake. Mahakama ikasoma maneno hayo na kuuliza: je, yanataja nyongeza ya gharama za maisha waziwazi, bila shaka yoyote? Jibu lilikuwa hapana. Majaji sita dhidi ya mmoja wakasema pensheni ya msingi ni jambo moja na nyongeza ni jambo jingine.

Kwa mstaafu wetu wa dola 4,000, hukumu hiyo haikuwa nadharia. Kanuni ya zamani ya jimbo ilikuwa kumpa nyongeza ya asilimia 60 ya kupanda kwa bei. Kama ingeendelea, mwaka 2024 angekuwa anapata karibu dola 4,950. Tofauti ya dola 950 kwa mwezi ni kodi ya nyumba au dawa za mzee. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka wa fedha wa 2022, chini ya Gavana Phil Murphy, New Jersey ilirudi kulipa fungu lake kamili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 25 hivi. Lakini hadi mwaka 2025 nyongeza ya wastaafu ilikuwa haijarudishwa.

ILLINOIS: SENTENSI MOJA YA KATIBA

Sasa tuvuke hadi Illinois, jimbo la Chicago, ambalo hali ya mifuko yake haikuwa bora hata kidogo. Illinois nayo ilikwepa kulipa kwa miongo mingi. Tofauti ni kwamba wakati wa kuandika katiba mpya ya mwaka 1970, wajumbe waliweka kifungu kifupi kinachosema kwamba uanachama katika mfuko wa pensheni ya umma ni mkataba unaoweza kutetewa mahakamani, na kwamba mafao yake hayatapunguzwa wala kudhoofishwa.

Mwaka 2012 bunge la Illinois liligusa bima. Kabla ya hapo wastaafu wengi wa serikali, polisi wakiwamo, walikuwa wakilipiwa na jimbo asilimia 5 ya ada ya bima kwa kila mwaka wa utumishi, hivyo aliyefikisha miaka 20 hakutoa hata senti. Sheria mpya ikampa mkurugenzi mmoja serikalini uwezo wa kuamua mstaafu alipe kiasi gani, na makato yakaanza.

Wastaafu wakashtaki. Serikali ikajitetea kwamba katiba inazungumzia pensheni na si bima ya afya. Tarehe 3 Julai 2014 Mahakama ya Juu ya Illinois, majaji sita dhidi ya mmoja, ikakataa. Katiba, ilisema, inalinda mafao yote yanayotokana na uanachama katika mfuko, na msaada wa bima ni mmojawapo. Fedha zilizokwisha kukatwa zikarejeshwa kwa wastaafu.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Mei 2015, mahakama hiyo ilifuta kwa kauli moja sheria kubwa ya kupunguza pensheni iliyopitishwa Desemba 2013. Serikali ilisema kuna hali ya dharura, kwani pengo la mifuko lilikuwa zaidi ya dola bilioni 100. Majaji wakajibu kwamba dharura hiyo serikali iliitengeneza yenyewe kwa kutokulipa kwa miaka mingi, na kwamba katiba haikuandikwa ili ifuatwe wakati wa neema tu.

Msomaji asidhani kwamba kuwa na kifungu cha katiba kunamaliza kila jambo. New York ina kifungu kinachofanana sana na cha Illinois, tena kikongwe zaidi. Lakini mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya New York iliamua kwamba mchango wa mwajiri katika bima ya afya ya mstaafu haumo katika ulinzi huo. Maneno karibu sawa, majimbo mawili, majibu mawili. Kwa jumla bima ndiyo upande dhaifu wa ahadi. Pensheni huandikwa katika sheria kwa hesabu kamili, lakini bima mara nyingi huachwa katika mikataba ya muda mfupi na nyaraka za maofisa, ambazo zinaweza kubadilishwa mezani bila kelele.

WAJANE NA SHERIA ZA WASHINGTON

Kulikuwa na tatizo jingine lililotoka serikali kuu. Mpango wa hifadhi ya jamii wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1935, hapo mwanzo haukuwaingiza watumishi wa majimbo. Baadaye majimbo yaliruhusiwa kujiunga kwa hiari, lakini polisi katika sehemu nyingi walibaki nje, wakitegemea mfuko wao tu.

Mwaka 1977 na mwaka 1983 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mbili za kuwapunguzia malipo watu wenye pensheni za namna hiyo. Ile ya mwaka 1977 iliwaumiza hasa wajane. Chukua askari mstaafu mwenye pensheni ya dola 3,000, ambaye mwenzi wake alifanya kazi ya kawaida na kuchangia hifadhi ya jamii maisha yake yote. Mwenzi akifariki, askari angestahili, tuseme, dola 1,800 za urithi wa malipo hayo. Sheria ilisema ondoa theluthi mbili ya pensheni ya askari, yaani dola 2,000. Kinachobaki ni sifuri. Marehemu alichangia miaka 40, na mjane hakupata chochote.

Vyama vya polisi, walimu na wazima moto vilipiga mlango kwa zaidi ya miaka 20. Hatimaye Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kufuta sheria zote mbili mwezi Novemba 2024 kwa kura 327 dhidi ya 75. Seneti ikaupitisha Desemba kwa kura 76 dhidi ya 20, na Rais Joe Biden akautia saini tarehe 5 Januari 2025. Kabla ya hapo, mwaka 2006, vyama hivyo vilipata ushindi mdogo lakini wa maana: polisi na wazima moto waliostaafu waliruhusiwa kutotozwa kodi juu ya dola 3,000 za pensheni kila mwaka zinapotumika kulipia bima ya afya.

UPANDE WA MLIPA KODI

Ni haki pia kumsikiliza mlipa kodi. Yeye husema: mimi nafanya kazi hadi miaka 67, sina pensheni ya serikali, bima yangu naigharimia, kwa nini kodi ya nyumba yangu ipande ili mtu wa miaka 52 alipwe na kutibiwa? Swali hilo si la chuki. Illinois, baada ya wastaafu kushinda kesi zote, iliendelea kubeba pengo la zaidi ya dola bilioni 140 mwaka 2024, na fedha zinazoingia huko haziendi shuleni wala barabarani.

Tena ulinzi wa waliotangulia umewaangukia wanaokuja. Kwa kuwa Illinois haiwezi kumgusa aliyekwisha kujiunga na mfuko, bunge liliwapunguzia mafao wale wote walioajiriwa kuanzia tarehe 1 Januari 2011. Leo maofisa wawili wanaweza kukaa katika gari moja la doria, wakikabili hatari ile ile, huku mmoja akingojea uzee ulio tofauti kabisa na wa mwenzake. Na vikosi vikiajiri vijana, pensheni iliyokuwa kivutio sasa inavutia kidogo.

Lakini jibu la mstaafu nalo lina uzito. Yeye alikatwa kila mwezi bila kuulizwa kama mwezi huo ana shida. Kama kila gavana naye angelipa kila mwaka bila kujiuliza kama mwaka huo una uchaguzi, pengo lisingekuwa kubwa namna hii. Mwenye deni aliyekwepa kulipa hawezi kumlaumu mdai kwa ukubwa wa deni.

WANAJILINDA VIPI?

Wastaafu waliofaulu wamefanya mambo ya kawaida kabisa, lakini bila kuchoka. Wana vyama vyenye watu wa kusoma miswada kabla haijapitishwa, maana kifungu kimoja kilichojificha ukurasa wa hamsini kinaweza kumgharimu mtu dola elfu kwa mwezi. Wanafuatilia taarifa ya kila mwaka ya mfuko na kuuliza swali moja: je, serikali imelipa fungu lake lote? Wameungana na walimu na makarani, kwa sababu polisi wa jimbo ni maelfu machache tu, na mbunge huhesabu kura. Na wanazihifadhi karatasi zao: barua ya kuajiriwa, mkataba uliokuwapo siku ya kustaafu, kijitabu cha bima cha mwaka ule.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wastaafu wa New Jersey walikuwa na daftari, lakini liliandikwa kwa kalamu ambayo wino wake ungeweza kufutwa katika bajeti ya mwaka wowote. Wale wa Illinois walikuwa na sentensi moja tu, ila ilikuwa ndani ya katiba.

Kwa hiyo mfanyakazi yeyote anayekatwa mshahara leo kwa ajili ya kesho yake, awe polisi au la, ana maswali matatu ya kuuliza angali ana nguvu za kuuliza. Nimeahidiwa nini hasa: pensheni tu, au pamoja na nyongeza na matibabu? Ahadi hiyo imeandikwa wapi: katika katiba, sheria, mkataba au waraka wa ofisi? Na je, anayetakiwa kuweka fungu lake ameliweka mwaka huu? Jibu la swali la tatu ndilo hutangulia kubadilika, na kwa kawaida hubadilika kimya kimya.